Miguu ya Kiti na Matawi ya Mti

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka, Kihesa, Iringa)



Kwanza kabisa napenda kuushukuru uongozi wa umoja wetu kwa kunipa nafasi hii. Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze juu ya "jambo lolote lenye manufaa". Mtumishi wa serikali akipewa ruhusa pana namna hiyo ni hatari, maana anaweza kuwasomeeni waraka mzima pamoja na viambatisho vyake. Sitafanya hivyo. Leo nitazungumza juu ya viti.

Naona wengine mnacheka. Chekeni, lakini kila mmoja aangalie mahali alipokaa. Tangu asubuhi nimewaona wazee wangu wa safu ya mbele wakihama upande huu na upande huu, wengine wamekunja koti na kulikalia. Kosa si lao. Viti vile havikutengenezwa na mtu aliyewahi kuutazama mgongo wa binadamu.

Tuliosoma hapa tunakumbuka kwamba wakati wa mitihani ulipokaribia, madarasa yalibaki matupu. Kila mtu alikuwa na jiwe lake. Milima ya Iringa imejaa mawe makubwa, na mvua na jua vimeyalainisha kwa muda mrefu kuliko hesabu zetu. Mimi nilikuwa na jiwe lenye bonde kidogo katikati na mgongo unaopanda nyuma kwa ulalo. Nilikaa pale saa tatu mfululizo na kitabu cha Jiografia, sikuchoka. Darasani, kwenye benchi lililonyooka kama rula, nilichoka kabla ya kipindi cha pili kwisha. Siku zile sikujiuliza kwa nini. Nilianza kujiuliza baada ya miaka mingi, na tena baada ya kufanya kosa ambalo nitawaeleza hivi punde.

Ndugu Mwenyekiti, siku hizi ukiingia katika maduka ya samani ya mijini, au ukitazama picha ambazo vijana wanaonyeshana katika simu, utaona viti vyenye umbo la jani, meza yenye ukingo wa gogo ulioachwa ulivyo, na taa kama kiota cha ndege. Watu husema ni mtindo mpya kutoka Ulaya. Mimi nasema lugha yetu wenyewe inatusuta. Sisi tunasema kiti kina miguu, kina mgongo, kina mikono. Seremala akiunganisha mbao mbili huchonga ulimi katika ubao mmoja na kuuingiza katika tundu la mwingine. Kile kigoda ambacho mama hukikalia akikuna nazi tunakiita mbuzi. Walioyapa mambo haya majina walikwisha kuona kwamba samani ni kiumbe kinachobeba mzigo, na kwamba viumbe vinavyobeba mzigo viko tayari mbele ya macho yetu. Swali ni kama sisi tumejifunza kutoka kwao, au tumeiga sura zao tu.

Tuanze na kigoda. Nimekuja nacho hapa. Naomba kipitishwe kwa vijana wakishike. Hiki ni cha bibi yangu. Kimechongwa kwa tezo kutoka gogo moja, hakina msumari wala gundi. Kina miguu mitatu. Vigoda vya namna hii vilitumika kwetu Uheheni, kwa Wagogo na kwa Wanyamwezi, kila watu na mchongo wao. Mtazame mambo mawili. La kwanza ni idadi ya miguu. Sakafu ya nyumba ya udongo haikosi bonde na kilima. Kiti cha miguu minne juu ya sakafu hiyo hutikisika, maana mguu mmoja hukosa pa kukanyaga. Miguu mitatu hukanyaga yote siku zote, hata juu ya jiwe. Vijana wa Hisabati wanajua sababu: nukta tatu huamua bapa moja tu, ya nne lazima ibahatishe. La pili, tazameni pale mguu unapoingia katika kiti. Hapana kona kali pale. Mguu unanenepa taratibu na kuwa kiti, kama shina la mti linavyonenepa na kuwa mzizi. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Sitaki kukisifu kuliko haki yake. Ukikiinamia kwa pembeni kigoda cha miguu mitatu kitakuangusha, na bibi yangu alituonya hivyo kila siku. Lakini aliyekichonga alijua kwa nini amefanya alivyofanya.

Mfano wa pili ni panda. Kila nyumba ya kijijini ina kichanja cha kuanikia vyombo. Ukitaka kukijenga hutafuti misumari kwanza. Unatafuta miti yenye panda, unaichimbia, kisha unalaza fito juu yake. Vitanda vya zamani vilisimamishwa hivyo hivyo. Ukienda pwani, Lamu au Unguja, utakuta mafundi wa majahazi wanaifahamu siri hiyo kwa undani zaidi. Mataruma ya jahazi, yaani mbavu zinazoshika mbao za ubavuni, hawayakati kutoka ubao ulionyooka. Fundi hutafuta mti au tawi lililokua likiwa limepinda kwa kiasi anachokihitaji, kisha analichonga kwa kulifuata pindo lake. Anajua kwamba mti ukipinda wenyewe, nyuzi za ndani hupinda pamoja nao na kubaki nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Bahari haimsamehei mtu aliyezikata nyuzi hizo.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nieleze kosa langu.

Mwaka 2016, baada ya ada kuondolewa, watoto waliandikishwa shuleni kwa wingi kupita madawati yaliyokuwapo. Rais wa wakati ule, Hayati John Pombe Magufuli, aliwaagiza viongozi wa mikoa na wilaya waumalize upungufu wa madawati kabla ya tarehe 30 Juni. Lilikuwa agizo jema, na nchi nzima ilihangaika. Mimi nilikuwa mtumishi katika halmashauri moja ambayo sitaitaja, na nilikuwa katika kamati ya kupokea madawati. Tuliletewa mchoro mzuri. Dawati lilikuwa na mguu wa nyuma uliopinda, ili mtoto aegemee vizuri badala ya kukaa kama mshitakiwa. Niliupenda mchoro ule, maana nilikumbuka jiwe langu.

Nilipokuja Iringa mwishoni mwa juma nilimwonyesha mzee mmoja seremala ambaye karakana yake iko kando ya barabara hapa Kihesa. Nilimjua tangu nikiwa mwanafunzi, maana tulikuwa tunaokota kwake maranda ya kuwashia moto. Aliutazama mchoro kwa muda, akauliza, "Mbao gani?" Nikamwambia msindano. Akasema, "Mwanangu, mguu huu umechorwa na kalamu. Mti haukuulizwa." Nilimuuliza ana maana gani. Akasema, "Utavunjikia hapa," akaweka kidole kwenye pindo.

Nawaambia ukweli, sikumsikiliza. Nilidhani anasema hivyo kwa kuwa hakupata zabuni. Tarehe ilikuwa inakaribia, na mimi nilikuwa msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yeye aliishia darasa la nne. Nikarudi kazini, nikahesabu madawati, nikaweka sahihi.

Muhula uliofuata nilipita katika shule mojawapo. Nyuma ya jiko nilikuta lundo la mbao, mpishi anazitumia kuchemshia uji. Ilikuwa miguu ya madawati yetu. Niliokota mmoja, nikaokota wa pili, nikaokota wa tatu. Yote ilikuwa imevunjikia mahali pamoja, pale pale mzee alipoweka kidole. Katika darasa la tatu watoto walikuwa wamekaa chini tena, na msichana mmoja alikuwa amefungwa kitambaa mkononi kwa sababu dawati lilimwangusha. Mwalimu mkuu hakunilaumu. Alinipa kiti chake nikae, yeye akasimama. Hilo liliniumiza kuliko lawama.

Nilirudi Kihesa kwa mzee wangu kuomba radhi. Hakutaka maneno mengi. Alinipa shoka na gogo lililonyooka, akasema, "Pasua." Likapasuka kwa pigo moja. Akanipa gogo lenye panda, akasema, "Pasua na hili." Nilipiga mpaka shati likalowa jasho, panda haikuachia. Kisha akanieleza. Gogo lililonyooka, nyuzi zake zimelala pamoja kama mabua katika mganda, shoka likiingia kati yake zinaachana. Penye panda nyuzi za shina na za tawi zimeshikana na kusukana. Tena akaniambia kwamba si kila panda ni nzuri: ile nyembamba sana, ambayo gome limebanwa ndani, hupasuka yenyewe siku ya upepo. Basi sisi tulichukua ubao wa nyuzi zilizonyooka, msumeno ukachora pindo juu yake, na kila mahali msumeno ulipopinda ulizikata nyuzi. Kwa macho mguu ulikuwa umepinda kama tawi. Ndani ulikuwa mabua mafupi mafupi yaliyoshikana kwa ubavu tu. Tuliiga umbo la mti tukasahau kazi ya umbo hilo.

Hilo ndilo neno nililokuja kulisema leo. Mengine ni maelezo yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma juu ya waliopata taabu kama yetu katika nchi nyingine, na nimeona kwamba waliofaulu ni wale waliouliza mti kwanza. Michael Thonet, seremala aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Vienna, alitaka kiti chenye mapindo laini kama mtambaa. Hakukata mapindo kwa msumeno. Alichukua fimbo za mti uitwao bichi, akazitia katika mvuke mpaka zikalainika, akazipinda katika kalibu ya chuma na kuziacha zikauke. Nyuzi zikapinda pamoja na fimbo, hazikukatika. Kiti chake namba 14 cha mwaka 1859 kilikuwa na vipande 6 tu vya mti vilivyofungwa kwa skrubu, na viti 36 vilivyofunguliwa vilienea katika sanduku la meta moja ya ujazo. Kikauzwa dunia nzima.

Mwingine ni Alvar Aalto wa Finland, nchi ya misitu kama Mufindi. Mwaka 1933 alibuni stuli ya miguu mitatu ambayo hutengenezwa mpaka leo, na ambayo ilitumika katika maktaba aliyoijenga katika mji wa Viipuri. Sisemi kwamba aliiga kigoda chetu. Nasema kwamba watu wawili wanaouliza swali moja hupata majibu yanayofanana. Tatizo lake lilikuwa lile lile lililonishinda mimi: mguu unaopinda, na mti ulionyooka. Alichukua ubao mzima, akauchana upande mmoja kwa msumeno kufuata urefu wa nyuzi, akaingiza mbao nyembamba zenye gundi katika michano ile, kisha akaupinda. Ukikauka unabaki hivyo, na nyuzi zote nzima. Ni kama alitengeneza panda kwa mikono yake.

Wako pia waliofika karibu tu. Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland aliyefanya kazi Marekani, mwaka 1957 alitoa kiti kama ua juu ya bua moja. Ni kizuri sana. Alitamani kiwe cha kitu kimoja kutoka chini hadi juu, kama ua lenyewe lilivyo. Lakini plastiki ya siku zile haikuweza kubeba mzigo juu ya bua jembamba, ikabidi bua liwe la alumini iliyopakwa rangi ifanane na sehemu ya juu. Simlaumu. Natoa mfano tu kwamba hata fundi hodari, akianza na sura, mzigo humdai baadaye.

Na wako waliokwenda mbali zaidi. Mjerumani mmoja, Claus Mattheck, alichunguza jinsi miti inavyokua, akaona kwamba mti huongeza mbao pale unapolemewa. Ndiyo sababu shina hunenepa linapokutana na mzizi. Mfupa nao hufanya hivyo, tena zaidi, maana hupunguza pale pasipohitajika. Kazi hiyo ikaingizwa katika hesabu za kompyuta, viwanda vya magari vikaitumia kupunguza uzito wa vyuma, na mwaka 2006 Mholanzi Joris Laarman akaitumia kubuni kiti cha alumini kinachofanana na mifupa. Hakuchora mifupa. Alieleza mzigo uko wapi, na hesabu ikatoa umbo. Sasa rudisheni macho kwenye kigoda cha bibi yangu, pale mguu unapoingia katika kiti. Aliyekichonga hakuwa na kompyuta, lakini kona kali aliikataa.

Mtaniuliza, haya yote yanatuhusu nini sisi wa Nyanda za Juu Kusini? Yanatuhusu sana. Babu zetu walichonga miti migumu: mninga, mkongo na mingineyo. Mninga huchukua miongo mingi kukomaa, na sasa ni adimu na ghali. Mbao zilizo karibu nasi ni za misindano, ambayo wengine huiita mipaina, kutoka Sao Hill na mashamba ya wananchi wa Mufindi, Njombe na Kilolo. Mti huo hukua upesi, huvunwa ukiwa na miaka kama 20 hivi, na umenyooka. Hauna panda ya kuchongea mguu. Basi tukiendelea kukata maumbo ya mninga kutoka ubao wa msindano, tutaendelea kumpa mpishi kuni. Lakini mti wa namna hiyo unachanika vizuri kuwa mbao nyembamba, unashika gundi, na unapindika katika kalibu. Tukiuuliza unachoweza, utatujibu.

Tena kuna mabaki. Wapasuaji mbao hutaka gogo lililonyooka. Panda na matawi yaliyopinda ya miti migumu huachwa porini au huishia katika tanuri la mkaa. Kile ambacho fundi wa jahazi anakitafuta kwa siku kadhaa, sisi tunakipikia ugali.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ninayo mapendekezo matatu, nami nitayasema kwa kifupi.

La kwanza ni kwetu sisi wanafunzi wa zamani. Kila mwaka tunachangia kitu kwa ajili ya shule. Mwaka huu napendekeza tusinunue viti vilivyokwisha kutengenezwa. Tununue mbao kavu za msindano, gundi nzuri, vibano na kalibu, ili stuli za maktaba zitengenezwe hapa hapa. Tuanze na stuli 40, za miguu mitatu. Mzee wangu seremala, ambaye amekaa kule nyuma na hakutaka kuketi meza kuu, amekubali kuja kila Jumamosi. Mimi nitalipia mbao za stuli 10 za kwanza. Hiyo si sadaka. Ni deni.

La pili ni kwa walimu wetu. Fizikia ya nguvu na mizigo, Biolojia ya mifupa na mashina, na Hisabati ya nukta tatu, yote yamo katika kigoda kimoja. Naomba kigoda kiingie darasani.

La tatu ni kwenu vijana. Msidhani ufundi ni kazi ya aliyeshindwa mtihani. Viko vyuo vya VETA, kiko Chuo cha Viwanda vya Misitu kule Moshi, na Chuo Kikuu cha Sokoine kinafundisha misitu. Iringa yetu inapanda miti mingi kuliko mikoa mingi, lakini viti vingi tunavyovinunua vimetoka mbali. Na kama Mungu akiwajalieni kuwa watumishi wa serikali kama mimi, siku moja mtaletewa mchoro mzuri na tarehe ya mwisho. Kabla hamjaweka sahihi, tafuteni mzee mwenye maranda katika nywele, mumuulize. Akiweka kidole mahali, msikilizeni, hata kama hakupata zabuni.

Nimemaliza. Naomba nirudishiwe kigoda cha bibi, maana naona kijana mmoja amekwisha kukikalia na hataki kuinuka.